Mazungumzo ya Jioni: Kikulacho ki Nguoni Mwako



Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya kicheko. Huenda mmoja wenu atauliza: "Je, katika Ituri yetu, ambamo watu wameona mengi, huu ni wakati wa kucheka?" Twajibu: ndiyo, ila kuna kicheko na kicheko. Kuna kicheko cha mlevi anayemcheka kiwete njiani, hicho hatukitaki. Kuna na kicheko cha mtu aliyejitazama katika kioo akaona ya kuwa kofia yake i upande. Hicho ni dawa, nacho ndicho tunachotaka kukileta mbele yenu leo.

Jioni moja tulialikwa katika nyumba ya rafiki zetu hapa Bunia. Baada ya ugali na samaki wa Ziwa Albert, vyombo vilipokwisha kuondolewa, kijana wa nyumba ile aliweka kompyuta yake ndogo juu ya meza. Watoto wakajipanga juu ya mkeka, wakubwa wakaketi vitini, na taa ikazimwa ili kulinda betri. Filamu tuliyoitazama ilikuwa mchezo wa kuchekesha wa Mwingereza William Shakespeare, uliopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1602, juu ya wanawake wawili wachangamfu wa mji wa Windsor. Lakini hatukuusikia kwa Kiingereza. Tuliusikia kwa Kiswahili, nao uliitwa "Wanawake wa Heri wa Winsa".

Yafaa kwanza mjue jinsi mchezo huu ulivyopata kuvaa lugha yetu. Mwaka 2012, wakati mji wa London ulipokuwa ukijiandaa kwa michezo ya Olimpiki, nyumba ya michezo iitwayo Globe ilifanya sherehe kubwa. Globe ni jengo la mviringo lisilo na paa katikati, lililofunguliwa mwaka 1997 kwa mfano wa lile la mwaka 1599 ambamo Shakespeare mwenyewe alifanya kazi. Katika sherehe ile michezo 37 ya Shakespeare ilichezwa kwa lugha 37. Jirani zetu wa Sudan Kusini walicheza mmoja kwa Kiarabu cha Juba. Kiswahili kilikuwa na siku zake mwezi wa Aprili, kwa kazi ya kikundi kiitwacho Bitter Pill na waigizaji wa Afrika ya Mashariki. Joshua Ogutu wa Kenya ndiye aliyeutafsiri mchezo, na nafasi ya yule mnene Falstaff ilishikwa na Mrisho Mpoto, Mtanzania ambaye wengi wenu mmesikia mashairi yake ya kuimbwa.

Jambo moja lilitupendeza sana. Katika sherehe ile watazamaji hawakuandikiwa Kiingereza cha kila neno. Maandishi mafupi tu yalieleza habari ya kila sehemu. Basi aliyejua Kiswahili ndiye aliyeonja utamu wote, na kwa mara hii Mwingereza ndiye aliyekaa akingoja kufasiriwa mambo ya kwao.

Michezo ya sherehe ile ilipigwa picha, na baadaye, mwaka 2014, Globe ikafungua njia ya kuuza na kukodisha filamu zake katika intaneti, ili aliye mbali aweze kuzitazama nyumbani kwake. Ndivyo mchezo wa London ulivyoweza kufika katika meza ya chakula.

Na hapo ndipo penye neno letu la juma hili. Wazee watakumbuka sinema ya zamani: kitambaa cheupe kimefungwa uwanjani mwa misioni, mashine yanguruma, watu wote wameketi chini. Katika miaka ya 1950 Padre Albert Van Haelst, wa shirika la Scheut, alitengeneza huko Luluabourg, mji uitwao leo Kananga, filamu fupi za kuchekesha za Matamata na Pilipili. Watu walicheka hata machozi yakawatoka. Lakini uwanjani kila mtu alimcheka mtu asiyekuwapo. Filamu ikiingia nyumbani, mambo hugeuka. Yule anayefanana na mchekwa ameketi kitini karibu nawe, na kikombe chake cha chai mkononi.

Sikilizeni basi habari yenyewe. Falstaff ni mtu wa cheo, lakini mfuko wake mtupu na tumbo lake kubwa. Aona ya kuwa wake wa matajiri wawili, Bibi Ford na Bibi Page, ndio wanaoshika funguo za fedha za waume zao. Basi awaandikia barua za mapenzi, si kwa kuwapenda, bali kwa kupenda kisanduku cha fedha. Tena ni mvivu hata katika uovu: barua zote mbili ni moja, neno kwa neno, ila jina tu limebadilishwa.

Wale wanawake wafanya nini? Hakuna anayeificha barua yake chini ya godoro. Kila mmoja amwendea mwenzake, waziweka barua pamoja, wazilinganisha, wacheka. Kisha waazimu kumfundisha adabu yule mzee, wao wenyewe, bila kelele na bila kuchafua jina la mtu.

Waume nao wapata habari, maana watumishi wa Falstaff aliowafukuza wawatobolea siri. Page asikia, atikisa kichwa, asema kwa maneno yake kwamba akija mtu huyo kwa mke wangu, hatapata ila ukali wa ulimi wake. Aenda zake. Ford asikia habari ileile, kwa saa ileile, naye hapati tena usingizi. Ajigeuza jina na sura, amwendea Falstaff kama mgeni, ampa fedha zake mwenyewe ili amtongoze mke wa Ford. Tazameni ajabu hiyo: mtu alipa gharama ili apate kuambiwa uwongo juu ya nyumba yake!

Falstaff afika kwa Bibi Ford. Mume aja mbio na mashahidi. Wale wanawake wamsukuma mnene yule ndani ya kikapu cha nguo chafu, na watumishi wapita nacho mbele ya mume mwenyewe, waenda kummwaga mtaroni kando ya mto Thames. Watoto wa nyumba ile walipoona hayo walipiga makofi. Mmoja akasema, "Afadhali wangalimtupa katika Nyamukau!" Sisi tunaoujua mto wetu na takataka zake tulielewa kwamba adhabu ingalizidi.

Mara ya pili Falstaff arudi, maana tamaa haina masikio. Mume aja tena, naye safari hii amekwisha kuambiwa habari ya kikapu. Akishike! Akipindue! Atoa nguo moja moja, shati, shuka, soksi, mbele ya jirani zake wote, na mke wake asimama akimtazama. Ndani ya kikapu hamna kitu. Wazee wetu wa Kiswahili walikwisha kusema: kikulacho ki nguoni mwako. Ford alipekua nguo za nyumba nzima, asipekue zile alizozivaa mwenyewe.

Wakati huo baba mwenye nyumba, rafiki yetu, alikuwa akicheka kwa sauti kubwa. Mke wake akasema polepole, bila kuinua macho: "Kumbe hata kwa Wazungu wanapekua." Baba akanyamaza. Simu ya mama ilikuwa mezani, karibu na mkono wa baba. Hatukuuliza neno, wala hapakuwa na haja. Kila mtu mzima aliyekuwamo alifahamu ya kuwa kikapu cha siku hizi ni simu, na kwamba katika nyumba nyingi za mji huu mume huipekua usiku mke alalapo, au mke huipekua ya mume aogapo, na asubuhi wote wawili huketi mezani kama mahakimu waliokosa ushahidi.

Watoto hawakuelewa, nao waliendelea kucheka. Hiyo ndiyo kazi ya mchezo wa namna hii. Mtoto hathubutu kumwambia baba, "Baba, wivu wako unatutesa." Mke husema mara moja, kisha hunyamaza kwa kuogopa ugomvi. Jirani akisema, ataambiwa ashughulike na mambo yake. Lakini Ford wa Windsor husema yote, wala hakuna wa kumkasirikia, maana yeye yuko mbali, naye ni mchezo tu.

Lakini, wasomaji wapenzi, tungewadanganya kama tungewaambia ya kuwa tulicheka tangu mwanzo hata mwisho. Mara ile ya pili wanawake wanamwokoa Falstaff kwa kumvika nguo za bibi mmoja mzee, mnene, ambaye Ford amchukia na kumwita mchawi. Ford amwona yule "mzee" akishuka, ashika fimbo, ampiga na kumfukuza nje. Katika maandishi ya Shakespeare hapo ni mahali pa kucheka sana, maana twajua ni Falstaff apigwaye.

Nyumbani mle alikuwamo mama yake baba, ambaye watoto humwita Tate. Yeye amezaliwa upande wa Aru. Fimbo ilipoinuliwa, Tate hakucheka. Alisema maneno machache tu: "Huko kwetu hawakuwa wakicheza."

Wakubwa waliokuwamo walijua anasema nini. Mwaka 2001, katika teritwari ya Aru, mkoani mwetu wenyewe, watu kwa mamia waliuawa na jirani zao kwa kushutumiwa uchawi. Wengi hawakuwa na kosa ila umri, upweke, au chuki ya mtu wa karibu. Kijana akasimamisha filamu. Watoto wakauliza, na baba, mwenye sauti ya chini safari hii, akawaeleza. Akawaambia ya kuwa Ford alianza kwa kumshuku mke wake, akaendelea kwa kupekua nguo, akaishia kwa kumpiga mzee asiyeweza kujitetea. "Hatua ni zilezile," akasema. "Shaka, upekuzi, fimbo."

Hatukumwagiza kusema hayo, wala mchezo wenyewe haukuyasema. Twaamini kwamba katika jumba la sinema, kati ya watu mia, Tate angalinyamaza, na kicheko kingaliendelea juu ya kichwa chake. Nyumbani kicheko kilisimama, kwa kuwa aliyeumia alikuwa na jina na kiti chake. Twawasihi wazazi wafahamu jambo hili. Msiwape watoto filamu kama mtu atupiaye kuku mahindi, kisha mkaenda zenu. Ketini nao. Filamu iliyo njema huhitaji mtu mzima wa kuisimamisha mahali pake.

Baada ya chai tuliendelea. Na sasa twafika mahali tulipopapenda kuliko pote. Wale wanawake wawaeleza waume zao mambo yote, tangu barua hata fimbo. Ford aomba radhi kwa mke wake. Haombi chumbani, mlango umefungwa. Aomba mbele ya Page na mkewe, kwa kuwa alimwaibisha mbele ya watu. Aliyekosa uwanjani asitubu jikoni! Ni wanaume wangapi kwetu waliowahi kufanya hivyo? Twasema "wanaume", lakini wanawake nao wasijifiche nyuma ya migongo yetu. Wivu hauchagui suruali wala kitenge.

Tena kuna habari ya Anne, binti ya Page, ambayo vijana wetu yawapasa kuiangalia. Baba ataka aolewe na kijana mmoja mpumbavu kwa sababu ana mali. Mama ataka aolewe na mganga Mfaransa kwa sababu ana fedha na marafiki wakubwa. Baba na mama, waliokuwa na akili njema juu ya barua za Falstaff, hapa wote wawili ni vipofu: kila mmoja amficha mwenzake shauri lake, kila mmoja apanga kumtorosha binti usiku kwa mchumba wake yeye. Hakuna amwulizaye Anne. Naye ampenda kijana wa tatu, Fenton. Huyo, mbele ya Anne, akiri ya kuwa mwanzo alivutwa na mali ya baba yake, lakini alipomjua alimwona yeye mwenyewe kuwa na thamani kuliko dhahabu.

Sisi wa Ituri twajua neno dhahabu. Tangu ilipogunduliwa huko Kilo mwaka 1903, wangapi wamepimwa kwa mizani yake! Kijana akirudi kutoka Mongbwalu na pikipiki mpya, wazazi wa wasichana humwona amekuwa mzuri wa sura kwa ghafula. Hatusemi mahari ni mbaya. Mahari ni heshima kati ya jamaa na jamaa. Twasema tu kwamba mzazi anayemtazama mchumba kuanzia mfukoni ameishika njia ya Falstaff, hata kama hana tumbo lake.

Basi mwisho, usiku, msituni, watu wa Windsor wampa Falstaff fundisho la tatu. Wamwita chini ya mti mkubwa, amejivika pembe kichwani, na watoto waliovaa kama pepo wamzunguka, wamfinya, wamchoma kwa mishumaa hata alie. Katika vurugu ile wachumba wawili wa wazazi wakamata kila mmoja "bibi arusi" wake, kumbe ni wavulana waliovikwa nguo za kike! Anne amekwisha kufunga ndoa na Fenton. Wazazi wafanyaje? Wapigwa na butaa kidogo, kisha wampokea mkwe.

Na Falstaff? Hapelekwi gerezani, wala hafukuzwi mjini. Bibi Page asema twende sote nyumbani tukacheke habari hii kando ya moto, na Falstaff pia awepo. Mkosaji aliyekwisha kuaibishwa apewa kiti karibu na moto. Katika nchi ambayo watu wengi wanatakiwa kukaa tena jirani na waliowakosea, jambo hilo si dogo. Wala halina maana ya kusahau. Falstaff alikwisha kulowa, kupigwa na kufinywa. Lina maana kwamba adhabu ilikuwa na mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa nyumbani.

Mtauliza: Kiswahili chao kilitupendeza? Ndicho Kiswahili cha Kenya na Tanzania, si kile cha soko letu. Sisi tukisema "bibi" twamtaja mke; wao huko mara nyingi humtaja mama wa mama. Mtoto mmoja alicheka neno fulani, kijana akamfasiria, na Tate akawakosoa wote wawili. Hata hilo lilikuwa faida. Kiswahili kimekwisha kuyabeba mengi ya Shakespeare: Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri habari ya Julius Caesar mwaka 1963, na "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969, ijapokuwa alikuwa na nchi nzima ya kuongoza. Lugha inayoweza kubeba mauaji ya Kaisari na pia kikapu cha nguo chafu si lugha ya kuonea haya.

Ninyi wanafunzi, twawatwisha mzigo mdogo. Msingoje London iwaletee kila kitu. Mchezo huu hautaki vyombo vingi: kikapu kimoja, barua mbili, shuka kuukuu, na kijana mmoja mnene asiyeona haya kuchekwa. Uchezeni shuleni kwa Kiswahili cha hapa Bunia, mkiweka soko letu mahali pa Windsor na Nyamukau mahali pa Thames. Mkifika mahali pa fimbo, fikirini vema mtakavyofanya. Mkumbukeni Tate.

Nasi tulipoaga usiku ule, baba mwenye nyumba alitusindikiza hata barabarani. Tulipogeuka nyuma tulimwona amerudi, ameketi mezani. Simu ya mama ilikuwa palepale. Aliichukua, akainuka, akampelekea mkononi bila kuitazama.

Hayo ndiyo ya juma hili. Kaeni salama na watu wa nyumba zenu, na tukutane tena juma lijalo.